Waya Ulikuwa Mzima

Wapendwa, leo sina mkulima wala mchungaji wa kondoo. Leo nina fundi, na fundi mwenyewe anauza vipuri vya gemu. Naona wazee wa benchi la mbele wameanza kunitazama. Tulieni, baba zangu, tutafika tu.

Alikuwapo basi fundi mmoja katika mji wa baridi, tuseme Njombe, aliyepanga chumba cha ghorofani nyuma ya soko. Kazi yake ilikuwa kununua zile gemu za zamani za kushika mkononi, zile nene za kutia betri, ambazo watoto wetu walizichezea mpaka vitufe vikazama, kisha zikatupwa kabatini. Yeye alizifungua kwa bisibisi, akazisugua kwa spiriti na mswaki, akatoa kilichobaki kizima. Aliuza vioo, vitufe, maganda, na taa ndogo za kuweka nyuma ya kioo. Mtasema wateja wake walikuwa watoto. Hapana, watoto wa leo wana simu za baba zao. Wateja wake walikuwa watu wazima wenye kazi zao, na gemu hizo walizitaka kwa ajili ya kupiga muziki.

Msicheke. Kile kidude kina sauti ndani yake, ile ya tii-tii-tuu mnayoikumbuka, na kuna watu waliipenda wakaona haifai kupotea. Wanakitia programu ya kupangia nyimbo, wanakitoboa tundu jipya la kuchomekea spika kubwa, halafu wanapiga. Ukiwasikia mara ya kwanza utadhani nyenje wameanzisha kwaya. Ukitulia kidogo unajikuta unatikisa kichwa. Na kabla hamjawacheka sana, mkumbuke kwaya yetu ya pili Jumapili iliyopita ilivyoimba ule ubeti wa mwisho. Haya, tuendelee.

Watu hao walitawanyika kila mji, na walikuwa na grupu lao kwenye simu. Fundi naye alikuwamo. Simu yake ililia mchana kutwa. "Fundi, kioo kimefika, asante." "Fundi, gemu yangu nikiwasha taa inakoroma, nifanyeje?" Aliwajibu wote kwa upole. Aliwajua kwa magonjwa ya mashine zao: huyu wa vitufe vinavyokwama, yule wa kukoroma, yule ambaye kioo chake kina mstari katikati. Lakini niwaulize, katika watu wote hao, nani alimuuliza, fundi, umeshindaje? Nani alimuuliza, fundi, umekula? Hakuna. Hawakuwa watu wabaya. Walimjua kama mlango wa duka, na mlango haukohoi wala hauumwi kichwa.

Wapigaji hao walipokutana kupiga, walimwalika. Alisema ana kazi nyingi. Hakuwa na kazi nyingi. Alikuwa hana wa kwenda naye, na ninyi mliowahi kwenda harusini peke yenu mnajua jinsi meza inavyokuwa kubwa. Basi alibaki ghorofani na sweta lake, anakunywa chai na mkate, anawasikia watu wa soko wakiagana huko chini. Alikuwa mpweke, wapendwa. Sitalipamba neno hilo.

Juu ya meza yake ya kazi palikuwa na taa moja, lakini chini palikuwa na viti viwili. Kiti cha pili kilikuwa cha mdogo wake, tumbo moja, kwa sababu kazi ile waliianza pamoja. Na kipo kipuri kimoja ambacho huwezi kukijaribu vizuri ukiwa peke yako. Ni waya wa kuunganisha. Wapigaji wawili huunganisha gemu zao kwa waya mmoja ili mapigo yaende pamoja. Moja unaiweka iongoze, nyingine unaiweka ifuate. Ile ya kufuata ukiibonyeza haipigi kitu. Inaandika tu kwenye kioo kwamba inangoja, na itangoja mpaka mwenzake atoe pigo la kwanza. Ndugu hawa, kila walipojaribu waya, mmoja alishika gemu huku na mwingine kule. Mdogo alisema, "Nipo." Mkubwa alisema, "Naanza." Wimbo ukatoka kwenye mashine mbili kama umetoka kwenye moja.

Halafu mama yao akafa. Fundi alichelewa kufika kwa sababu ya mzigo wa wateja, na alipofika alimkuta mama amekwisha fumba macho. Pale msibani, mbele ya shangazi na majirani, mdogo mtu akasema, "Ungeacha hizo gemu zako, ungemkuta." Likamchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Asubuhi mdogo alipobeba begi kwenda stendi, fundi alibaki amekaa ndani. Hakumsindikiza. Sasa ninyi mnajua, kwetu mgeni husindikizwa, hata mgeni mkorofi, hata kama ni mpaka kwenye mti wa kwanza tu. Yule alitoka kwenye nyumba ya mama yake peke yake na begi lake, akaenda zake Makambako, na hakurudi kwenye kile kiti.

Makambako si mbali. Ukipanda basi, hujamaliza karanga zako umefika. Lakini fundi hakwenda, wala hakupiga simu. Sababu yake ilikuwa nzuri kabisa, na ninyi wote mngemuunga mkono. Alisema, "Mimi ndiye mkubwa. Mdogo ndiye anayeamkia. Akiniamkia, nitamwitikia." Na mdogo huko aliko naye alikuwa na sababu yake, akamweleza shangazi yao: "Niliondoka msibani bila kusindikizwa. Aliyeacha kunisindikiza ndiye anifuate." Shangazi alipeleka huku, akaleta huku, mpaka akachoka, akawaambia wote wawili wanamuumiza miguu.

Mdogo mtu akapata mtoto wa kike, akampa jina la mama yao. Fundi alisikia kwa shangazi kwamba mtoto amekaa, baadaye kwamba ametambaa, baadaye kwamba ametembea. Kila habari ilimfurahisha kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, kisha ikamuuma. Alimtengenezea mtoto gemu moja, ganda la njano, vitufe vipya, akaiweka kwenye rafu. Akangoja kuitwa.

Sasa siku moja mchana wakapanda ngazi wanawake wawili, wanahema. Mmoja alikuwa msusi, mwingine mwalimu wa chekechea, na walikuwa wapigaji wa lile grupu. Ilikuwa mara ya kwanza fundi kuwaona uso kwa uso. Jioni hiyo walikuwa na shughuli ya kupiga ukumbini, na nyuso zao hazikuwa za salamu ndefu.

"Fundi," akasema msusi, "tumesafiri mpaka hapa kwa ajili ya waya wako. Mbovu."

"Mbovu vipi, dada?"

"Tunaunganisha, tunabonyeza, kimya. Mimi kimya, mwalimu kimya. Tumefuta vichwa vya waya, tumebadili betri, tumeomba. Kimya."

Fundi akauchukua waya. Akachomeka kwenye gemu zake mbili za majaribio, moja akaiweka iongoze, nyingine ifuate. Mkono wa kulia ulifanya kazi yake, na mkono wa kushoto ukafanya kazi ya mdogo wake. Wimbo ukatoka pande zote mbili, safi.

"Waya mzima," akasema. "Hebu nione mashine zenu."

Akazichukua, akatazama kioo cha kwanza. Kimeandika kinangoja. Akatazama cha pili. Nacho kimeandika kinangoja.

"Nani kati yenu anaongoza?" akauliza.

"Yeye," wakasema wote wawili, na kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

"Ah, mwalimu!" akasema msusi. "Si wewe? Wewe ni dada yangu mkubwa, nitakutangulia vipi? Mimi nimeiweka yangu ifuate."

"Na wewe ndiye unayejua kupiga," akasema mwalimu. "Nikaona aibu kukuongoza. Na mimi nimeiweka yangu ifuate."

Wakatazamana, wakacheka mpaka msusi akashika ukuta. Fundi naye akacheka, na sauti ya kicheko chake ilimshangaza mwenyewe, maana chumba kile hakikuwa kimeizoea. Akabadili mashine ya mwalimu iongoze, akawarudishia.

Msusi, akiwa anafuta machozi ya kicheko, akavuta kile kiti cha pili akae. Fundi akamwambia upesi, "Samahani, dada, hicho kina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Ni mdogo wangu. Yuko Makambako. Hapigi simu."

"Kwani na wewe humpigii?"

"Mimi ndiye mkubwa. Namngoja aniamkie."

"Na yeye?"

Fundi akajibu bila kufikiri, kama mtu anayetaja bei ya kipuri, "Naye ananingoja nimfuate."

Mwalimu wa chekechea, ambaye kazi yake ni kusubiri watoto wapate jibu wenyewe, akaangalia mashine iliyokuwa mkononi mwake, akaangalia kiti, akamfinya msusi mkono. "Asante, fundi," akasema. "Tusije tukachelewa." Wakashuka, na kwa kuwa hawakuweza kungoja kufika ukumbini, wakaanza kupiga humo humo ngazini. Fundi alisikia mashine mbili zikishuka kwa pigo moja, mpaka soko likazimeza.

Akabaki peke yake na viti viwili. Nawaambia, wapendwa, hakuwahi kuuona upweke wake vizuri kama alivyouona saa ile. Kila siku alidhani kimekatika kitu. Alidhani undugu umekatika, umekwenda na mama kaburini, na kwamba yeye ni mtu wa kuonewa huruma. Kumbe hapakuwa na kilichokatika. Namba ya mdogo wake ilikuwa ile ile kwenye simu, damu ilikuwa ile ile, shangazi alikuwa bado ana miguu. Akajisikia akisema kwa sauti, mbele ya kiti kitupu, "Naanza." Hakuna aliyejibu, nipo.

Akachukua simu. Akapiga.

Ikaita. Ikapokelewa. Ng'ambo ile hakuna aliyesema kitu. Fundi aliisikia pumzi ya mdogo wake, aliifahamu, maana walilala kitanda kimoja miaka yao ya utoto. Nyuma ya pumzi ile kulikuwa na mtoto anagonga sufuria kwa kijiko. Mkubwa akafungua mdomo, na yale aliyoyapanga yote yakamtoroka. Atasema nini? Mkubwa hamwamkii mdogo. Hata angetaka, maneno yenyewe hayapo. Mdogo naye amenyamaza, amekazana kama mwamba. Mnamwona? Mnaiona ile simu inavyohesabu muda bure? Ninyi mngesema nini?

Yeye akasema, "Marahaba."

"Kaka," mdogo akasema mwishowe, "lakini sijakuamkia."

"Najua. Mimi nimeshaitikia. Wewe utaamkia ukipata nafasi."

Yule wa Makambako akalia. Akalia kwa sauti, mpaka mtoto akaacha kugonga sufuria ili asikie baba ana nini. Na katikati ya kilio akasema, "Shikamoo, kaka. Njoo umwone mama yetu alivyorudi." Fundi alishuka ngazi na ile gemu ya njano mfukoni, na mlango wake aliusahau wazi.

Wapendwa, nimemaliza habari ya fundi. Sasa ni habari yetu.

Sisi tuko wangapi humu ndani tuliobonyeza na tukakaa tunangoja? Mume anangoja mke aanze kusema, mke anangoja mume, na chakula cha jioni kinaliwa kimya, kijiko tu ndicho kinachozungumza. Ninyi wa sauti ya kwanza na wa sauti ya pili kwenye kwaya yetu, nawajua, mnasimama bega kwa bega na hamsalimiani. Baba anangoja mtoto aombe radhi, mtoto anangoja baba amwite nyumbani. Na kila mmoja ana sababu, tena sababu ya heshima, sababu ambayo ukiileta kwenye kikao cha ukoo utashinda. Utashinda, halafu utarudi chumbani kwako na kiti chako kitupu. Tunasema mapenzi yamekufa, undugu umekwisha, watu wa siku hizi wamebadilika. Waya ni mzima, jamani! Tumejiweka wote kufuata.

Na kama bado unajiuliza kwa nini uwe wewe, wewe mkubwa, wewe uliyekosewa, basi mtazame Mungu. Nani mkubwa kuliko Yeye? Nani amekosewa kuliko Yeye? Angekaa juu kule angoje tumwamkie, leo tungekuwa wapi? Hakungoja. Tulikuwa tumenuna, tumegeuza shingo, tumenyamaza kwenye simu, na Yeye akaitikia salamu ambayo hatujaitoa. Ndiyo maana tuko hapa. Hatukuja kuanza sisi, tumekuja kujibu.

Kila Jumapili nawasumbua mkiingia: zimeni simu, zimeni simu. Mmenizoea. Leo nasema hivi, na mzee wa kanisa asinikunjie uso. Washeni. Unamjua unayemngoja, jina lake limekujia tangu nilipotaja kile kiti. Toka nje, simama pale penye jua, upige. Wimbo wa kufungia ibada utangoja, maana wimbo hauna moyo wa kuumia. Nenda, ndugu yangu. Sisi tutakutunzia nafasi yako kwenye benchi.