Ngozi ya Ndama

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Maana yake ni kwamba maumivu ya kumpoteza mtoto hayajui mwingine ila aliyemzaa. Watu huisema methali hii kwa wepesi misibani, kisha wakanawa mikono na kula ubwabwa. Mzee Makongoro, mfugaji wa Butiama, naye alikuwa bingwa wa kuisema.

Binti yake, Dafroza, alikuwa fundi cherehani huko Buhare, Musoma. Huko alizaa mtoto wa kiume nje ya ndoa, jambo lililomkera babaye kama mwiba kooni. Mtoto aliishi siku tisa tu. Alipofariki, Dafroza alikuwa hajitambui wodini, basi Makongoro akaichukua maiti na kwenda kuizika nyuma ya zizi lake, pasipo kilio wala msalaba.

"Kitoto cha siku tisa hakina matanga," aliwaambia majirani.

Dafroza alipopata nafuu alirudi nyumbani, na swali lake lilikuwa moja. "Baba, mmemlaza wapi mwanangu?"

"Yaliyopita si ndwele, mama. Utazaa wengine."

Kila siku aliuliza, na kila siku alijibiwa hivyohivyo. Makongoro aliwakataza wote nyumbani wasimwonyeshe, akiamini kwamba asipoliona kaburi atasahau upesi. Hakuwa na roho mbaya mzee yule. Alikuwa na aibu, na aibu humpofusha mtu.

Wiki mbili baadaye, ndama wa ng'ombe wao Kijivu akafa. Kijivu akalia mchana kutwa, akazuia maziwa. Makongoro akafanya wafanyavyo wafugaji: akamchuna yule ndama, akaijaza ngozi majani makavu, kisha akamwita Dafroza aishike mbele ya ng'ombe wakati yeye anakamua. Kijivu akainusa ngozi, akailamba polepole, na maziwa yakashuka.

"Umeona?" Makongoro alisema kwa majivuno. "Ng'ombe analiaga siku mbili tatu. Ukimpa ngozi, ananyamaza."

Kifua cha gauni la Dafroza kilikuwa kimelowa. Maziwa yake nayo yalikuwa yameshuka.

"Baba," alisema hatimaye, "ng'ombe umempa ngozi ya mwanawe ailambe. Mimi hata udongo umeninyima."

Mikono ya Makongoro ilisimama. Alilitazama lile gauni lililolowa, na moyo ukamuuma asivyowahi kuumwa. Akaiacha ndoo palepale, akamshika binti yake mkono, wakaenda nyuma ya zizi.

Lakini ng'ombe walikuwa wamepakanyaga na mvua ilikuwa imenyesha. Tuta halikuwapo tena. Mzee alipiga magoti, akapapasa tope.

"Ilikuwa hapa. Hapa... au hapa. Nisamehe, mama, sipaoni!"

Dafroza alilia kwa sauti mpaka nguvu zikamwishia. Kisha akaketi topeni kando ya baba yake.

"Ulikuwa umemwita nani?" Makongoro aliuliza. Hakuwa amewahi kuuliza.

"Nilimpa lako, baba. Makongoro."

Mzee akaangua kilio. Alimlilia mjukuu aliyemzika kwa haraka, akamlilia zaidi mwanawe aliyemwacha aomboleze peke yake. Kijivu naye alikuwa akilia zizini. Siku hiyo Makongoro hakuitamka ile methali, maana ilikuwa imemwingia mwilini: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.