Nyimbo Tatu za Bwana Gotie na Mikate ya Odeta

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yenu yako wapi?

Yako kwako!

Basi sogezeni kuni. Na wewe mwenye mihogo, igeuze isiungue.

Zamani za kale, nchi ya Wafaransa, farasi waliposema na watu wakawasikiliza, palikuwa na bwana mmoja, jina lake Gotie. Alikuwa na ngome ya mawe na shamba la mizabibu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kutunga nyimbo. Na watunzi wa kule walikuwa na desturi yao: ubeti wa mwisho huutuma wimbo kwa mtu.

Gotie akatunga wimbo wa kwanza, akautuma:

*Nenda wimbo, shika njia, bisha hodi kwa Alisi.*

Alisi, binti wa mnara mweupe, hakujibu. Akatunga wa pili, akautuma kwa Margo wa darajani. Kimya. Akatunga wa tatu, akautuma kwa Blanshi wa kilimani. Kimya kabisa.

Homa ikamshika. Siku saba anatetemeka. Ilipomwachia, nyimbo zote zimemtoka kichwani, na hakuwa ameziandika, maana alijiamini mno.

Binamu yake akapata upenyo. Akaenda kwa mfalme: "Nyimbo zile ni zangu. Gotie kaniibia." Mfalme akasema, "Gotie aje Jumapili aziimbe zote tatu. Akishindwa, ngome yake ni yako."

Gotie akapanda farasi wake, mbio mpaka mnarani.

"Hodi, Alisi! Wimbo wangu uko kwako?"

"Ulikuja. Sikuufungulia. Ukaenda zake."

Mbio mpaka darajani. "Hodi, Margo!"

"Ulikuja. Sikuufungulia. Ukaenda zake."

Mbio mpaka kilimani. Blanshi hata dirisha hakufungua, alijibu yale yale akiwa ndani.

Gotie akalia kama mtoto. Farasi akageuza shingo. "Bwana, wimbo uliofukuzwa huenda wapi?"

"Sijui."

"Huenda penye moto. Zizi langu liko nyuma ya jiko lako. Nyimbo zako nazisikia kila asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kutwa ulikuwa unanisimulia habari za Alisi."

Wakarudi. Jikoni wakamkuta Odeta, mpishi wa ngome, unga umempanda mpaka viwikoni, anaimba wimbo wa kwanza!

"Bi Odeta, umeupata wapi?"

"Zilikuja zenyewe, Bwana, zote tatu, zimelowa mvua. Nikazikaribisha. Sasa ndizo saa yangu. Mkate wa shayiri nauimbia wa kwanza mara tatu, umeiva. Wa ngano, wa pili. Wa mtama, wa tatu. Nikiruka ubeti, mkate unatoka mbichi. Kwa hiyo siruki."

"Na ule ubeti wa mwisho?"

Odeta akatazama unga wake. "Huo tu ndio siuimbi, Bwana. Una jina la mtu mwingine."

Gotie akapiga magoti palepale kwenye unga. "Ahsante, Odeta. Ahsante sana. Nimekula mikate yako miaka yote na sikuwahi kukushukuru." Akakaa jikoni kujifunza, mikate ikaiva mingi hata farasi akashiba.

Jumapili akaenda na Odeta, akamkalisha mbele. Akaimba wa kwanza, akaimba wa pili, akaimba wa tatu, na kila mmoja akaufunga hivi:

*Keti wimbo, usitoke, baki hapa kwa Odeta.*

Binamu akaruka. "Bwana mzima anamwimbia mpishi?"

"Haya, imba wewe," akasema mfalme. Binamu akaanza, akakwama ubeti wa pili. Watu wakamcheka. Ngome ikabaki kwa Gotie.

Odeta alikuwa analia ndani ya aproni yake. Tangu siku ile akaoka kwa nyimbo nzima, na ubeti wa mwisho haukuachwa. Mikate ilikawia kidogo motoni, lakini walioila wanasema ilizidi utamu.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyekutunzia kitu chako bila kutumwa, mtaje jina mbele za watu, naye yupo anasikia. Kama imewakolea, mshukuruni bibi yangu Mwanakheri aliyenipa. Kama haikuwakolea, mlisinzia.

Na hii mihogo, jamani, imeiva vizuri. Nani kaichoma? Mtajeni!