Njiapanda Iliyokunywa Maji

Wa kukaa na akae, wa mlangoni na asogee. Hadithi hii si ya kulalia, ni ya kuamulia.

Katika Mombasa, mji ambao wazee waliuita Mvita na wazee wa wazee wakauita Gongwa, walikuwapo watu watatu wa mtaa mmoja. Mwana Zuhura, mwosha maiti, alikuwa na kipawa cha kutunza: alichokabidhiwa hakukipoteza, hata kama hakukielewa. Faki, mwana wa kaka yake, mchonga mawe, alipewa ukaidi. Na Maalim Shekuwe, aliyepofuka ukubwani, ilimu yake ilikuwa imehamia vidoleni.

Siku moja mtawala aliyetumwa kutoka ng'ambo alifika mtaani akitaka kujenga maghala. Akawaambia wenyeji kuwa kabla ya serikali yake hapakuwa na mji hapo ila vichaka na kunguru, kwa hiyo wao ni wavamizi.

"Nionyesheni jiwe moja walilojenga babu zenu," alisema, "nami nitaondoka. La sivyo, baada ya Idi nyumba hizi zitavunjwa."

Mwana Zuhura aliyasikia hayo akiwa na kopo mkononi. Alikuwa anatoka kuosha maiti, na waosha maiti wa ukoo wake walikuwa na desturi: maji safi yaliyosalia hayamwagwi uani, hupelekwa njiapanda na kumiminwa mahali pale pale. Mamaye alifanya hivyo, na bibiye pia. Alipouliza sababu aliambiwa tu, "Yarudishe kwao." Wasichana wa mtaa walimcheka, wakisema Bi Zuhura anamwagilia barabara ili iote. Siku hiyo, moyo ukimwaka, aliyatazama maji yakizama, akakumbuka kuwa hata wakati wa masika, njia yote ikifurika, hapo hapatuami maji. Akamwita Faki.

"Chimba hapa, mwanangu. Ardhi hainywi hivi ila ina koo."

Faki akachimba, tena mchana kweupe. Askari wakamkataza na kulifukia shimo, akalifukua. Wakamchapa viboko, akarudi na mgongo umevimba, akachimba kwa magoti. Walipomtia pingu alimwambia mkubwa wao, "Fungeni vizuri, maana nikitoka najua nilipoishia." Naye alipotoka alianzia hapo, mpaka sururu ikagonga ukingo wa kisima cha mawe ya matumbawe, na ndani yake maji matamu.

Mtawala akacheka. Hilo ni shimo tu, alisema. Huenda wapita njia walilichimba wakaenda zao. Hapo Maalim Shekuwe akaomba ateremshwe. Ukingo ulikuwa na michoro iliyolika, ambayo wakalimani wa mtawala waliiita marembo. Maalim akaipapasa tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, kisha akaisoma kwa sauti ya mimbari: kwamba Mwana Hadia binti Ngwame amekijenga kisima hiki, wakfu kwa watu wa mtaa na maiti wao, na kikifa, atakayekihuisha ndiye mwangalizi wake, mtu mmoja, asiye na mshirika. Tarehe yake ilimtangulia babu wa babu yake mtawala.

Nyumba zikasalimika. Kisima kikawekewa kifuniko cha mbao na ufunguo mmoja. Lakini mtawala hakukubali kushindwa: wakfu usio na mwangalizi, alisema, ni mali ya serikali, na Kadhi wa mji ana muda mpaka Ijumaa kumtaja mmoja aliyekihuisha.

Mbele ya Kadhi, Faki alimtania shangaziye kuwa yeye alimwaga maji tu.

"Nawe ulichimba tu," akajibu Mwana Zuhura. "Mombasa nzima ina udongo. Ungechimba wapi?"

Maalim akatabasamu. "Na bila mimi mngekuwa na shimo lenye maji, na ghala juu yake."

Mwana Zuhura alitupa jicho dirishani. Mtawala alikuwa ameketi nje kivulini, akingoja wagombane.

"Amua, Shekhe," alisema. "Utakayempa, sote tutasimama nyuma yake. Yule pale nje hapati hata tone."

Kadhi akaunyanyua ufunguo. Mbele yake alikuwapo aliyetunza asichokielewa, na aliyechapwa kwa ajili ya asichokiona, na kipofu aliyesoma walichokitazama wenye macho wasikione. Nje, adhana ya Ijumaa ikaanza.

Nanyi mliosogea kutoka mlangoni, ufunguo huo mngeutia mkononi mwa nani, na wale wawili mngewaambia nini?