Radhi Kabla ya Vita

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na nyumba, vibaraza na hata uchaguzi, Ndovu na Mbogo waligombea uenyekiti wa bwawa. Kura zikapigwa, na kila mmoja akasema ameshinda yeye. Nani alishinda kweli? Msiniulize mimi, sikuwepo.

Maneno yakawa makali. Mwishowe wakatangaziana vita: kesho asubuhi, uwanja wa katikati, ukoo kwa ukoo.

Sasa katika uwanja huohuo, ndani ya ufa wa jiwe, aliishi Bi Pimbi na watoto wake wanne, wachanga wa siku tatu. Aliposikia habari ile, aliwakumbatia wanawe wote. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi zenyewe ni wanawe.

Akajifunga kanga, mbio kwa Ndovu.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Ndovu. Nimekuja kuagana."

"Marahaba. Kwani unakwenda wapi?"

"Miye siendi popote. Wewe ndiye unayekwenda vitani, na pembe za Mbogo tunazijua. Umeshaomba radhi?"

Ndovu akaweka tasbihi chini. "Nimeshatubu kwa Mungu."

"Ya Mungu atakusamehe Mungu. Ya Mbogo je? Si mnafundishwa msikitini kwenu kwamba haki ya mtu husamehewa na mwenyewe?"

Ndovu akainuka. "Lo! Basi nitamwomba radhi upesi upesi, halafu nimtwange."

"Vizuri. Alfajiri, pale jiweni kwangu."

Huyo, mbio kwa Mbogo! Akamkuta ananoa pembe, kwaru! kwaru!

"Shikamoo, Mzee Mbogo. Jumapili unapeleka sadaka kanisani?"

"Marahaba. Sijakosa hata moja!"

"Na mchungaji wenu husemaje juu ya mtu anayetoa sadaka huku ana ugomvi na jirani yake?"

Mbogo akaacha kunoa. "Husema akapatane naye kwanza."

"Na ukifa kesho hamjapatana?"

"Weee!" Mbogo akaruka. "Niambie yuko wapi huyo Ndovu!"

Alfajiri wakakutana jiweni, koo zao nyuma, marungu mkononi.

"Anza wewe," akasema Ndovu.

"Aka! Anza wewe."

"Mwenye masikio makubwa aanze!" akaamua Bi Pimbi.

Ndovu akakohoa. "Masika yaliyopita nilimkanyaga ndama wako mguu. Nikasema jiwe limemwangukia."

Mbogo akatikisa kichwa. "Mpaka leo anachechemea. Na mimi siku ya harusi ya binti yako niliyatibua maji makusudi. Wageni wako wakanywa tope."

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi. Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe. Nawe nisamehe."

Wakakumbatiana, wakalia mbele ya watu, wazee wazima na heshima zao! Nami nasema hakuna kilio kitamu kama hicho.

"Na vita je?" akauliza kijana mmoja wa kina Mbogo.

"Ah, ndiyo," Ndovu akajifuta machozi. "Haya, tupigane sasa."

"Piganeni," akasema Bi Pimbi. Wanawe walikuwa hatua mbili tu kutoka miguuni mwa wazee hao. "Ila kila pigo ni kosa jipya, na kila kosa lina radhi yake. Mzee Ndovu, ukishamuua Mbogo, radhi utamwomba nani?"

Ndovu akamtazama Mbogo. Mbogo akamtazama Ndovu, kisha akaangua kicheko. "Pimbi, umetuchezea shere!"

"Nimewaongopea wapi, wazee wangu? Dini ni zenu. Mimi nimewakumbusha tu."

Marungu yakaanguka, pwa! pwa! Kura zikarudiwa siku hiyohiyo, wapigakura wakipanga foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, na aliyeshindwa akampa mkono mwenzake. Bi Pimbi alikuwa ameshaingia ndani kunyonyesha.

Basi shikeni hili, watoto: ukimuua mwenzio, umemuua na wa kukusamehe.