Mtamba wa Mzee Shija

Sogeeni, wajukuu zangu. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio. Kimya sasa, nisije nikasahau nilipofika.

Hapo zamani, huku kwetu Tabora, shule ilikuwa na sufuria moja kubwa ya makande. Kila nyumba ilipeleka debe la mahindi. Nyumba isiyopeleka, mtoto wake alingoja wenzake washibe, akapewa ukoko.

Kalunde alikula ukoko mwaka mzima. Babu yake, Mzee Shija, alikuwa kipofu, hawezi kulima. Miguu ikamvimba mtoto, nywele zikageuka nyekundu. Mganga wa zahanati akasema, "Asipopata chakula cha maana, mtamzika."

Mwalimu Mihayo akasimama mbele ya wazazi. "Kuanzia leo, kila mtoto bakuli moja, sawasawa, na maharage yaonekane. Ukoko wapewe kuku!"

"Mahindi yangu yanenepeshe watoto wa watu?" akafoka Mama Mbula. Akajitwika debe lake, akaondoka. Wengine nao wakabeba yao.

Makande yakawa maji. Nyamizi mpishi akaenda kwake, akachukua karanga alizoweka za mbegu, akazitwanga, akazimimina sufuriani. Shamba lake halikupandwa msimu ule.

Siku moja Mbula akamwambia mamaye, "Mama, leo Kalunde kacheka." Mama Mbula hakulala vizuri. Asubuhi akarudi shuleni na madebe mawili. "Hili la Mbula. Hili la Kalunde." Wenzake wakaona haya, wakarudisha yao.

Kalunde akapona. Mzee Shija akampapasa miguu, hana uvimbe. Akalia. "Nina mtamba mmoja tu, ng'ombe ambaye hajazaa bado. Aliyemponya huyu, amchukue."

"Ni mimi," akasema Mwalimu. "Bila amri yangu angekula ukoko hadi leo."

"Amri yako ungeitwanga?" akauliza Nyamizi. "Karanga zangu ndizo zilizomtia damu."

"Na mngezipika na nini, na maji?" akadakia Mama Mbula.

"Si wewe uliyeyaondoa mahindi!" akamrukia Nyamizi.

"Niliyaondoa. Nani alitangulia kuyarudisha?"

Miaka ikapita. Mwalimu alirithi barua ya uhamisho. Nyamizi alirithi shamba la magugu. Mama Mbula alirithi jina, Mama Madebe, mpaka kaburini. Upawa wa shule aliurithi Kalunde, akapika, akapakua sawasawa. Mtamba akazeekea kambani, hana mwenyewe.

Haya, semeni ninyi mlioshiba: nani alistahili kumfungua?