Jembe la Siku ya Tatu

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu, ni zamani ya juzi tu, watu walipokwisha kuanza kubeba kazi zao mgongoni kama konokono abebavyo nyumba yake. Sogeeni karibu, msisukumane. Hadithi hii ni ya watu waliochoka, nami nitaisimulia taratibu.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Mwasiti. Kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti za watu wa nchi ya mbali wakizungumza mikutanoni, na kuyaandika maneno yao kwenye kompyuta ndogo. Waajiri wake hawakupata kumwona hata siku moja. Wao walitaka maneno tu. Akiwa jikoni, sawa. Akiwa juu ya mlima, sawa.

Mwasiti alikuwa na mama, Bi Bikombo, na Bi Bikombo alikuwa na pumu. Mji wao ulikuwa wa joto na vumbi la kiwanda cha saruji. Kwa miaka mingi mama yule alilala amekaa, mito imepangwa mgongoni, mdomo wazi. Mwasiti naye hakulala. Mchana alisikiliza watu wa mbali, usiku alisikiliza kifua cha mama yake.

Akasikia habari za nchi moja ya milimani, yenye hewa baridi na safi. Akasema, "Mama, twende tukapumue." Wakaenda.

Langoni mwa nchi ile walimkuta askari wa uhamiaji, Bwana Sengondo. Amesimama tangu asubuhi, viatu vinambana, foleni imepinda hadi nje.

"Mmekuja kufanya nini?"

"Mama amekuja kupumzika, afande. Mimi nina kazi yangu ya kompyuta, ya watu wa mbali. Nilitaka kuomba kibali cha..."

"Dada, dada! Ukianza na kazi hapa, tutakesha. Sema mmekuja kutembea. Kibali utakiombea humo humo ndani, inaruhusiwa."

Hakusema uongo. Sheria ya nchi ile ilimruhusu aliyeingia kwa kutembea aombe kibali cha kufanya kazi ya mbali bila kurudi kwao. Lakini ilikuwa na sharti: mpaka ajibiwe, aendelee na kazi yake ya mbali, lakini mikono yake isiguse kazi ya nchi, kwa sababu kazi ya nchi ni ya wana wa nchi. Sharti hilo askari wa langoni alipaswa kumwambia kila mgeni kwa mdomo wake. Siku ile Bwana Sengondo hakulisema. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hutafuta njia fupi.

Wakapanda mlima hadi nyumba ya Bi Nakijwa, mjane mwenye ruhusa ya kupokea wageni. Akawapa chai ya mchaichai na chumba chenye dirisha. Alasiri ile ile Bi Bikombo akajinyoosha kitandani, akalala chali kama watu wengine. Mwasiti akaingia mbio, maana hakusikia kitu. Akaweka kiganja karibu na pua ya mama yake. Pumzi ilikuwa inapita, kimya, kama ya mtoto.

Mwasiti akakaa chini sakafuni, akalia kidogo.

Siku ya pili alishuka mjini akapeleka ombi lake. Ukutani mwa ofisi palikuwa na lile sharti, limeandikwa kwa herufi kubwa. Akalisoma. Akalielewa. Akarudi mlimani.

Siku ya tatu asubuhi, Bi Nakijwa alisimama mlangoni ameshika jembe.

Ninyi mnajua desturi hii. Mgeni hukaa siku mbili, siku ya tatu hupewa jembe. Hapewi kwa uchoyo. Katika mlima ule, mgeni asiyepewa jembe alijua kwamba anaambiwa afungashe. Anayepewa jembe ameambiwa, "Kaa."

Bi Nakijwa naye alilijua lile sharti. Watu wa ofisi walimwonya wakati wa kumpa ruhusa yake: "Mama, wageni wako usiwatie shambani." Yeye akacheka moyoni, akasema watu wa ofisi hawajui kupokea mgeni. Tena bega lake lilikuwa linauma, na magugu yalikwisha kuyapita maharagwe. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hutafuta njia fupi.

"Mwanangu," akasema, "shamba lile pale."

Mwasiti akalitazama jembe. Akaukumbuka ukuta wa ofisi. Angeweza kusema, "Mama, sheria inanikataza." Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini nyuma yake mama yake alikuwa amelala, na mbele yake mkono wa mwenyeji ulikuwa umenyooshwa, na yeye miaka yote amekuwa mtu wa kusikia sauti za watu wasiomjua. Naye alikuwa amechoka. Amechoka kuwa mgeni. Akalipokea jembe.

Akapalilia asubuhi ile, na asubuhi zilizofuata. Mchana akakaa na kompyuta yake.

Ilikuwa kawaida ya nchi ile kwamba Mkuu wa Vibali hatoi jibu mpaka aone mwombaji anapoishi. Mkuu huyo alikuwa mwanamke, jina lake Mboni. Akapanda mlima kwa miguu, akiongozwa na Bwana Sengondo, kwa kuwa Sengondo alizaliwa mlima ule. Wakafika wanatweta. Bi Bikombo alikuwa barazani pamoja na Mwasiti na Bi Nakijwa, akawapokea kwa furaha. Moyoni alisema, leo nami nitamsaidia mwanangu.

"Karibuni, karibuni! Mwanangu hakai bure hapa. Msimwone mgeni, jembe ameshapewa! Tazameni maharagwe yale. Yote yale ni mkono wake."

"Anapalilia kuwashinda wajukuu zangu," akadakia Bi Nakijwa. "Wao wakiona jembe, matumbo yanauma."

Bwana Sengondo akafumba macho.

Mboni akauliza polepole, "Alilipwa?"

"Alipwe nini?" akasema Bi Nakijwa. "Alikula maharagwe."

"Basi alilipwa."

Ndipo Bi Nakijwa akashika mdomo wake. Mwasiti akainama. Ila Bi Bikombo hakuelewa. Aliona amemsifu mwanawe vizuri, roho yake ikatulia. Akajinyoosha kwenye mkeka pale pale barazani, akalala.

Mboni akashusha sauti.

"Kosa lipo, na limesemwa mbele yangu. Siwezi kulirudisha mdomoni mwa aliyelisema. Lazima niandike jina la mwenye kosa, jina moja. Nikiandika la Mwasiti, ombi limekufa. Ataondoka yeye. Mama ni mgonjwa, anaweza kubaki, lakini atabaki peke yake. Nikiandika la mwingine, kibali kitatoka, na huyo mwingine atalipa. Nami nimechoka, jamani, mlima wenu huu mrefu. Lakini sitafuti njia fupi. Semeni."

Bwana Sengondo akavua kofia.

"Andika mimi, mkuu. Huyu dada alikuja langoni na ukweli mdomoni, nikamrudishia. Ningelisema sharti siku ile, tusingekuwa hapa. Najua mtanitoa langoni, na kiinua mgongo changu kitabaki njiani. Andika."

"Nyamaza wewe, Sengondo!" akasema Bi Nakijwa. "Nimekupakata mimi, ukiwa unakula udongo. Leo unanifundisha kukosa?"

"Shangazi, hili si la udongo."

"Jembe ni la nani? Shamba ni la nani? Nilionywa, nikacheka. Mkuu, andika Nakijwa. Chukua ruhusa yangu ya kupokea wageni."

Mboni akasema, "Mama, nikiichukua ruhusa yako, na hawa hawatalala tena hapa. Nyumba nyingine ya wageni mlima huu haipo. Watashuka bondeni, kwenye moshi wa tanuri za matofali."

Bi Nakijwa akautazama mkeka. Lakini hakulifuta neno lake.

Ndipo Mwasiti akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikiliza kuliko kusema.

"Bwana Sengondo alisahau. Bi Nakijwa alinikaribisha. Mimi nilisoma ukutani, nikaelewa, kisha nikalipokea jembe. Hakuna aliyenishika mkono. Niandikeni mimi. Kazi yangu naweza kuifanya popote."

"Na mama?" akauliza Sengondo.

"Bi Nakijwa atamsikiliza usiku."

"Mimi sisikii vizuri, mwanangu," akasema Bi Nakijwa. "Sikio moja limekufa."

Mboni akatoa kalamu, akaifungua, akaishika juu ya karatasi. Barazani, Bi Bikombo akageuka ubavu. Pumzi yake ilipita kimya, kama upepo katikati ya majani ya maharagwe.

Haya, wanangu. Mmoja alinyamaza alipopaswa kusema, kwa kuchoka. Mmoja alitoa alichokatazwa kutoa, kwa kupenda. Mmoja alipokea akijua, ili aitwe mwenyeji hata kwa asubuhi moja. Kalamu bado iko juu ya karatasi.

Je, ninyi mngeandika jina la nani?

Jibuni, lakini jibuni polepole. Mama yule bado amelala.