Daraja la Mvushaji

Wamesimulia wema waliotutangulia kwamba katika nchi za mashariki kulikuwa na mto mpana, na juu yake daraja lililobeba jina la mtu ambaye hakuliwekea hata jiwe moja. Mtu huyo ni Shuraihi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangu ujanani aliwavusha watu kwa mtumbwi, na kwa ujira huo akamlisha mkewe Lubaba na mabinti zao.

Madaraja mawili yalikuwa yamekwisha kujengwa pale, na yote yakachukuliwa na mafuriko pamoja na waliokuwa juu yake. Liwali akamleta mwashi hodari, Naufali, naye akaupima mto mpaka akachoka, maana kila alipochimba alikuta mchanga. Mwishowe akamwendea Shuraihi, akamuuliza kwa adabu kama katika miaka yake yote mtoni amewahi kugusa mwamba.

Shuraihi aliujua mwamba huo. Kila siku upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, uliugonga kutoka ukingo hadi ukingo, chini ya njia yake mwenyewe ya kuvukia. Lau angejibu kwamba hajui, hakuna binadamu ambaye angemgundua. Akaomba apewe muda hadi baada ya sala ya Alasiri, akarudi nyumbani na moyo mzito.

Lubaba alimsikiliza, hofu ikamshika, wala hakuificha. Alimkumbusha kwamba hawana shamba wala mfugo, na kwamba daraja likisimama hakuna atakayepanda mtumbwi tena.

"Mume wangu, ukinyamaza hujasema uongo," akamwambia.

"Nimeulizwa, Lubaba, na kuulizwa ni amana. Nikinyamaza watajenga juu ya mchanga, na watu watazama ilhali mimi nilijua."

"Na watoto hawa watakula nini?"

"Mtumbwi haujatulisha hata siku moja. Aliyetulisha yupo, na daraja halimwondoi."

Lubaba akalia. Alipokwisha kulia aliuchukua upondo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akampa mkononi. "Basi nenda," akasema, "wauone mwamba kabla jua halijazama."

Shuraihi akaenda, akaugonga mwamba mbele ya Naufali, na kila palipogongwa pakawekwa alama. Daraja lilipokamilika, liwali aliamuru jina lake mwenyewe lichongwe kwenye jiwe la mlangoni, maana maliwali hawana subira na sifa. Watu walilisoma, kisha wakaendelea kuliita Daraja la Mvushaji.

Wako wanaosimulia kwamba Shuraihi alizawadiwa dhahabu. Mimi sikuipokea hivyo. Nimepokea kwamba alianza kulima vitunguu kando ya mto, na kwamba mwaka wa kwanza walilala na njaa si mara moja, ila hakusikika akijuta. Mafuriko yalipokuja, mji mzima ulipita juu ya daraja lile kukimbilia mlimani, wala hakuzama hata mtu mmoja.

Ndugu zangu, wengi wetu ni wakweli pale ukweli unapomgharimu jirani. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli siku ile ukweli utakapoondoka na chakula chetu wenyewe.